Kampuni Zisizo Sokoni, Ndani ya Mfuko Unaouzwa Kila Siku

Amazon ilianzishwa mwaka 1994 na kuingia soko la hisa Mei 1997, ikiwa na thamani isiyofika nusu bilioni ya dola. Aliyenunua hisa zake wakati huo na kukaa nazo alivuna karibu ukuaji wote uliofuata. Facebook ilianzishwa 2004, ikakaa nje ya soko miaka minane, na ilipoingia Mei 2012 tayari ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 100. Uber ilisubiri miaka kumi. Kampuni za siku hizi hazina haraka. Mtaji wanaupata kwa wawekezaji wakubwa bila kero ya kuanika hesabu kila robo mwaka, na sheria ya Marekani ya 2012 ikazilegezea kamba zaidi: idadi ya wanahisa inayoilazimisha kampuni kuweka hesabu zake hadharani ilipanda kutoka 500 hadi 2,000, kwa masharti fulani.

Kwa hiyo miaka ya kukua kwa kasi hupita kabla mtu wa kawaida hajapata nafasi ya kuingia. Mlango wa mbele nao una bawabu. Marekani, hisa za kampuni isiyoorodheshwa kwa kawaida huuzwa kwa mtu anayetambuliwa kisheria kuwa na uwezo: mwenye mali ya zaidi ya dola milioni 1 ukiondoa nyumba anayoishi, au kipato cha zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka. Asiye na hayo hutafuta kuingia kwa mgongo wa mwingine, na mgongo ulio karibu ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja.

Mifuko hiyo imekuwa ikinunua hisa hizi kwa miaka. Januari 2015 Fidelity, kampuni kubwa ya Marekani ya kuendesha mifuko, na Google waliweka pamoja dola bilioni 1 ndani ya SpaceX na kupata karibu asilimia 10 ya kampuni. Mwishoni mwa 2024, hisa za wafanyakazi ziliponunuliwa, SpaceX ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 350. Wapo watu waliokuwa na vipande vichache vya mfuko wa Fidelity kwa ajili ya kustaafu ambao hawakujua kabisa kwamba wanamiliki kijisehemu cha kiwanda cha roketi.

Habari kama hiyo huwasha tamaa. Kabla ya kuifuata, inafaa kuelewa kwa nini kijisehemu hicho huwa kidogo namna ile, na kwa nini ni bora kiwe kidogo.

Ahadi ya mfuko na tabia ya mali

Mfuko wa pamoja wa kawaida, ule ulio wazi, unaahidi mambo mawili. Kila siku ya kazi unapiga hesabu ya mali zake zote, unatoa madeni, unagawanya kwa idadi ya vipande, na hiyo ndiyo bei. Na yeyote anayetaka kuondoka anauza vipande vyake kwa mfuko wenyewe kwa bei hiyo. Sheria ya Marekani inataka alipwe ndani ya siku 7.

Kwa hisa zilizo sokoni, ahadi hizo hazina shida. Bei inaonekana, mnunuzi yupo, meneja anauza asubuhi na pesa zinaingia. Hisa ya kampuni isiyo sokoni haina kimojawapo. Bei yake ya mwisho inayojulikana inaweza kuwa ya miezi minane iliyopita, siku kampuni ilipochangisha mtaji. Kuiuza kunahitaji kumtafuta mnunuzi mmoja mmoja, kuomba ridhaa ya kampuni, mara nyingi kuwapa wanahisa waliopo nafasi ya kwanza ya kununua, kisha kusubiri wanasheria. Wiki, miezi, na pengine jibu likawa hapana.

Basi mfuko unaahidi kutoka kila siku kwa bei ya kila siku, huku ndani umebeba kitu kisicho na bei ya kila siku wala mlango wa kutokea. Karibu kila kanuni, kila ada na kila balaa katika habari hii inatokana na hapo.

Wadhibiti wanalijua hilo, ndiyo maana wameweka kikomo. Marekani, mfuko ulio wazi hauruhusiwi kununua mali nyingine isiyo na ukwasi ikiwa ununuzi huo utaifanya ipite asilimia 15 ya mfuko. Isiyo na ukwasi maana yake ni mali ambayo haiwezi kuuzwa ndani ya siku 7 bila kuiporomosha bei yake. Mifuko ya Ulaya ya kuuzwa kwa umma, ile inayofuata kanuni za UCITS, ina kikomo cha asilimia 10 kwa hisa zisizoorodheshwa. Na mameneja wengi hawakaribii hata nusu ya hapo. Sehemu ya kampuni zisizo sokoni katika mfuko mkubwa wa hisa za ukuaji, yaani za kampuni zinazotarajiwa kukua haraka, huwa asilimia moja, mbili, pengine tano, tena ikiwa imegawanywa kwa kampuni nyingi.

Chukua mfano uliopata vichwa vya habari. Oktoba 2022 Elon Musk alinunua Twitter kwa dola bilioni 44 na kuiondoa sokoni. Mfuko wa Fidelity uitwao Blue Chip Growth ulikuwa miongoni mwa waliochangia ununuzi huo, na mwisho wa mwezi ule uliandika thamani ya sehemu yake kuwa dola milioni 19.66. Mwezi mmoja baadaye iliandikwa milioni 8.63. Kufikia mwisho wa Agosti 2024 ilikuwa milioni 4.2 hivi, anguko la karibu asilimia 79. Magazeti yalichapa kila hatua, na msomaji angeweza kudhani wenye vipande wameumizwa vibaya.

Lakini mfuko wenyewe ulikuwa na makumi ya mabilioni ya dola. Hata tukiuhesabu kwa uchache, tuseme bilioni 20, dola milioni 19.66 ni chini ya senti 10 katika kila dola 100. Anguko lote lile lilimgharimu mwenye dola 100 pungufu ya senti 8. Siku ya kawaida ya soko humpa au humnyang'anya zaidi ya hapo kabla ya saa sita mchana. Na mzani unapima pande zote mbili: kama kampuni hiyo ingepanda mara kumi, angepata senti 90 hivi.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kununua mfuko mkubwa wa kawaida kwa sababu tu umesikia una kampuni fulani isiyo sokoni ni kununua asilimia 98 ya usichokitafuta. Ikiwa hiyo asilimia 98 unaitaka, sawa kabisa, na kijisehemu kilichobaki ni nyongeza. Wapo wachache waliokwenda mbali zaidi. Baron Partners, wa mwekezaji Ron Baron, uliiweka SpaceX kwa miaka kuwa miongoni mwa mali zake kubwa kabisa, bega kwa bega na Tesla. Huo ni mfuko wa aina yake, na anayeuingia anakuwa ameamua kumfuata Elon Musk, kiongozi wa kampuni zote mbili, zaidi ya kutawanya hatari.

Bei inayoandikwa ofisini

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo wengi huipita haraka: nani anasema kipande cha kampuni hii kina thamani gani leo?

Uhasibu wa Marekani unapanga mali katika ngazi tatu. Ngazi ya 1 ni zile zenye bei ya soko inayoonekana. Ngazi ya 3 ni zile ambazo bei yake inatokana na makadirio, na hisa za kampuni zisizo sokoni karibu zote ziko humo. Kamati ya mfuko huanza na bei ya duru ya mwisho ya kuchangisha mtaji, kisha huirekebisha: kampuni zinazofanana nayo zilizo sokoni zimepanda au zimeshuka? Mapato yanakuaje? Kuna hisa zake zimeuzwa pembeni hivi karibuni? Bodi ya mfuko inawajibika kusimamia kazi hiyo, na wakaguzi huipitia. Wanaofanya kazi hii si wababaishaji. Ila ni makadirio, na ndiyo maana mifuko miwili inaweza kuandika bei tofauti za hisa zilezile kwa tarehe ileile, wote wakiwa wamefuata utaratibu. Mwaka 2015 Fidelity ilipunguza thamani ya hisa zake za Snapchat kwa asilimia 25 ndani ya robo mwaka, na nje ya ofisi hiyo hakuna aliyekuwa ameona hisa yoyote ikishuka.

Duru ya mwisho yenyewe ina mtego. Kampuni ikiuza hisa chache kwa dola 50 kila moja, watu huchukua dola 50 na kuzidisha kwa hisa zote zilizopo, kisha hutangaza kampuni ina thamani ya mabilioni kadhaa. Wanasahau kwamba hisa zilizouzwa juzi mara nyingi ni za upendeleo: zina haki ya kulipwa kwanza kampuni ikiuzwa au ikifa, na wakati mwingine zina uhakika wa faida fulani siku ya kuingia sokoni. Hisa ya mfanyakazi haina haki hizo, na haiwezi kuwa na bei ileile. Watafiti Will Gornall na Ilya Strebulaev walizichambua kampuni 135 za Marekani zilizotangazwa kuwa na thamani ya dola bilioni 1 na zaidi, wakakuta thamani iliyotangazwa inazidi ile waliyoikokotoa wao kwa wastani wa asilimia 48. Kwa hiyo unaposikia mfuko una hisa za kampuni ya mabilioni, uliza pia ni hisa za daraja gani.

Kosa la bei lingekuwa jambo la wahasibu tu kama kila mtu angekaa mfukoni mpaka mwisho. Hawakai. Tuchukue mfuko wa dola milioni 100, wenye milioni 90 katika hisa za sokoni na milioni 10 katika kampuni zisizo sokoni. Tuseme hizo milioni 10 kwa kweli zina thamani ya milioni 5, ila vitabu havijarekebishwa. Wenye asilimia 40 ya vipande wanaingiwa na hofu na kuondoka. Wanalipwa milioni 40 kamili, na meneja anazipata kwa kuuza hisa za sokoni, kwa kuwa ndizo zinazouzika. Waliobaki wana milioni 50 za sokoni pamoja na zile milioni 5 za kweli: jumla 55, badala ya 57 ambazo zingekuwa haki yao kama kila mtu angelipwa kwa thamani sahihi. Walioondoka wamechukua milioni 2 za waliobaki bila mtu yeyote kuiba.

Na angalia kilichotokea kwenye mizani. Kampuni zisizo sokoni zilikuwa asilimia 10 ya vitabu. Sasa ni 10 kati ya 60, karibu asilimia 17. Meneja hajanunua chochote, lakini amepita kikomo cha Marekani. Kanuni haimlazimishi auze kesho yake, na ni vizuri, maana angeuza kwa bei ya kutupa. Inamtaka aitaarifu bodi ndani ya siku moja ya kazi na kueleza atarudije chini ya asilimia 15. Wakati huo kila mwenye kipande aliyebaki anajiuliza kama na yeye asiondoke mapema.

Uingereza waliyaona haya kwa macho. Neil Woodford alikuwa meneja mwenye jina kubwa kuliko wote nchini humo alipofungua mfuko wake wa hisa mwaka 2014. Mwaka 2017 ulikuwa na zaidi ya pauni bilioni 10. Ndani yake alirundika hisa za kampuni changa za sayansi na tiba ambazo hazikuwa sokoni, pamoja na kampuni ndogo zilizoorodheshwa lakini zisizouzika kirahisi. Matokeo yakawa mabaya, watu wakaanza kutoka, akauza zinazouzika, na zisizouzika zikavimba ndani ya mfuko kama katika hesabu yetu. Mwaka 2018 kikomo cha asilimia 10 kilivukwa mara mbili. Baadaye baadhi ya hisa hizo ziliorodheshwa katika soko la kisiwa cha Guernsey, mahali ambapo karibu hazikuwa zikiuzwa, ili zihesabike kuwa zimeorodheshwa. Halmashauri ya Kent ilipotaka kutoa uwekezaji wake wa takriban pauni milioni 260, pesa hazikuwepo. Tarehe 3 Juni 2019 mfuko ulisimamisha utoaji wa pesa ukiwa umebaki na pauni bilioni 3.7, na Oktoba ikaamuliwa uvunjwe. Watu zaidi ya 300,000 walikwama humo. Mark Carney, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, aliwaambia wabunge mwezi uleule wa Juni kwamba mifuko ya namna hii imejengwa juu ya uongo, ule wa kuahidi kutoa pesa kila siku wakati mali hazina sifa hiyo.

Kampuni ikiingia sokoni je?

Wengi hudhani hapo ndipo mfuko unapovuna. Inawezekana, lakini si siku ileile. Wanahisa wa zamani kwa kawaida hufungiwa wasiuze kwa siku 180 hivi. Rivian, mtengenezaji wa magari ya umeme, iliuza hisa kwa umma Novemba 2021 kwa dola 78, na T. Rowe Price, kampuni nyingine ya kuendesha mifuko, ilikuwa miongoni mwa wanahisa wake wakubwa tangu ikiwa nje ya soko. Ndani ya wiki bei ilipita dola 170. Kizuizi kilipokwisha Mei 2022 hisa ilikuwa chini ya dola 30. Mfuko uliofungiwa unatazama tu.

Wapo wasiofika sokoni kwa heshima. WeWork, kampuni ya kukodisha ofisi iliyokuwa na pesa za mifuko ya T. Rowe Price na Fidelity tangu 2014 na 2015, ilitajwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47 mwanzoni mwa 2019. Ilipojaribu kuuza hisa kwa umma mwaka huohuo, waliosoma hesabu zake wakashtuka, mpango ukaahirishwa, na Novemba 2023 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Mifuko isiyoahidi kila siku

Ikiwa tatizo ni ahadi ya kutoka kila siku, basi suluhisho la wazi ni kutoahidi hivyo. Mifuko ya vipindi hufanya hivyo hasa: unaingia siku yoyote, lakini kutoka ni mara moja kwa robo mwaka, nusu mwaka au mwaka, na mfuko hujitolea kununua kati ya asilimia 5 na 25 ya vipande vyote. Wengi huchagua 5. Wakitaka kutoka wenye asilimia 20, kila mmoja hupata robo ya alichoomba na kurudi kwenye foleni robo mwaka ijayo. ARK Venture Fund, ulioanzishwa Septemba 2022, ni wa aina hiyo, na umewafungulia mlango watu wa kawaida wasio na mamilioni. Ada yake ya usimamizi peke yake ni asilimia 2.75 kwa mwaka. Hiyo inakatwa kampuni zikifanya vizuri au vibaya, na kwa miaka kumi inakula karibu robo ya mtaji usiokua. Uingereza, baada ya mkasa wa Woodford, ilitambulisha mwaka 2021 mfuko wa mali za muda mrefu unaotaka taarifa ya siku 90 au zaidi kabla ya kutoka. Naiona ni mipango ya kiungwana kuliko ile ya kila siku, kwa kuwa inakwambia ukweli mlangoni.

Njia nyingine ni mfuko uliofungwa ambao hisa zake zenyewe zinauzwa sokoni. Hapo hakuna anayedai pesa kwa mfuko. Ukitaka kutoka unamuuzia mwenzako. Meneja anaweza kubeba kampuni zisizo sokoni kwa utulivu. Scottish Mortgage, uliopo tangu 1909, kwa miaka uliruhusiwa kuwa nazo hadi asilimia 30 wakati wa kununua. Ila bei sasa inaamuliwa na umati. Mwaka 2023 hisa za Scottish Mortgage ziliuzwa kwa punguzo lililofika karibu moja ya tano ya thamani ya mali zake. Kinyume chake ni mfuko wa Destiny Tech100, ulioingia soko la New York Machi 2024: mali zake mwishoni mwa 2023 zilikuwa na thamani ya chini ya dola 5 kwa hisa, na mapema Aprili hisa ilipita dola 100. Aliyenunua kileleni alilipa zaidi ya dola 20 kwa kila dola 1 ya mali. Hata SpaceX, iliyokuwa miongoni mwa mali za mfuko huo, ingepanda mara kumi, asingerudisha pesa yake.

Kuangalia kilichomo

Mifuko ya Marekani huwasilisha orodha ya mali zake kwa mdhibiti, SEC, katika fomu iitwayo N-PORT, na ya kila robo mwaka hutolewa kwa umma baada ya siku 60. Usitafute jina la mtaani. SpaceX iliandikwa kwa jina lake la kisheria, Space Exploration Technologies Corp., na Twitter ya Musk ikawa X Holdings. Mara nyingi kampuni moja hujitokeza katika mistari kadhaa, kila daraja la hisa kivyake, kwa hiyo jumlisha mistari yote kabla ya kugawanya kwa mali yote ya mfuko. Kisha fungua ripoti ya mwaka na utafute jedwali la hisa zenye vizuizi vya kuuzwa. Humo huandikwa tarehe ya kununua na gharama. Hisa iliyonunuliwa 2021, wakati bei zilikuwa juu mawinguni, na bado imeandikwa kwa gharama ileile bila duru mpya ya mtaji, inastahili swali kwa meneja. Jedwali la Ngazi ya 3 litakuonyesha jumla ya mali zote zinazokadiriwa, na ukilinganisha la mwaka huu na la mwaka jana pamoja na ukubwa wa mfuko, utaona kama sehemu hiyo imekua kwa sababu kampuni zinapanda au kwa sababu watu wanaondoka.